Ndugu Yako Amekiri Kosa la Dawa za Kulevya na Amefungwa: Namna ya Kukata Rufaa ya Adhabu

Kuanzia siku hakimu anaposoma adhabu, sheria ya Kenya inampa mfungwa siku 14 za kukata rufaa. Familia nyingi huzimaliza siku hizo zikibishana ni nani aliyemshauri kijana akubali mashtaka, au zikichanga pesa za wakili, au zikingoja nakala ya mwenendo wa kesi, ambayo mara nyingi haitoki ndani ya muda huo. Siku ya 15 ikifika mlango haujafungwa kabisa, ila sasa itabidi ubishe hodi na kujieleza.

Mwongozo huu ni wako wewe jamaa uliye nje: mama, kaka, mke, au rafiki anayepanga foleni Shimo la Tewa au Kamiti siku ya kuwaona wafungwa. Mfungwa mwenyewe anaweza kuutumia vilevile. Unahusu Kenya peke yake, na unahusu kesi iliyoamuliwa na hakimu, ambapo rufaa huenda Mahakama Kuu. Ukimpata wakili, mtumie. Naye atakuuliza maswali yaleyale yaliyomo humu, na ni heri uende kwake ukiwa na majibu mkononi.

Aliyekiri hana rufaa kamili

Mtu aliyekana mashtaka, mashahidi wakaja, akahukumiwa, anaweza kupinga kila kitu mbele ya jaji: shahidi alidanganya, upekuzi ulikuwa wa hila, kielelezo kilibadilishwa. Aliyekiri hana nafasi hiyo. Kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai (Sura ya 75), ambayo ndiyo yenye vifungu vyote vinavyotajwa humu bila jina la sheria, kinamruhusu kukata rufaa juu ya mambo mawili tu: kiasi cha adhabu na uhalali wake. Sababu ni kwamba hakuna shahidi aliyehojiwa. Kesi nzima imesimama juu ya kauli ya mshtakiwa mwenyewe, na sheria haimruhusu kuimeza kauli hiyo kwa kuwa tu adhabu imemuuma.

Mambo hayo mawili hayafanani. Chukua mfano wa kijana aliyepatikana na misokoto miwili ya bangi, hakimu akaridhika kwamba ilikuwa ya kuvuta mwenyewe. Tangu marekebisho ya 2022 ya Sheria ya Kudhibiti Dawa za Kulevya, kosa hilo lina kikomo cha kifungo cha miaka 5 au faini isiyozidi Sh100,000. Akifungwa miaka 8, adhabu hiyo ni haramu kisheria, na hata jaji mkali hana budi kuirekebisha. Akifungwa miaka 4, adhabu imo ndani ya sheria, lakini kwa mtu asiyewahi kushtakiwa na aliyekiri mara moja unaweza kusema imepita kiasi. Hapo kazi ni ngumu zaidi. Tangu uamuzi wa Ogola mwana wa Owuor wa 1954, mahakama za rufaa za ukanda huu zimeshika msimamo kwamba jaji haigusi adhabu kwa sababu tu yeye angetoa nyingine. Ni lazima uonyeshe kuwa hakimu alifuata kanuni isiyo sahihi, aliacha jambo muhimu, au alitoa adhabu iliyo wazi kuwa imezidi.

Kuna mlango wa tatu ambao kifungu cha 348 hakiutaji, nao majaji wameufungua mara nyingi: kukiri kwenyewe. Kifungu hicho kinamfunga aliyekiri kweli. Kama kukiri kulikuwa nusunusu, au mshtakiwa hakuelewa anachokubali, au hati ya mashtaka haikuonyesha kosa lolote linalojulikana kisheria, basi Mahakama Kuu inaweza kuitengua hatia yenyewe.

Kama ndugu yako alifanya mapatano rasmi ya kukiri na upande wa mashtaka, yaliyoandikwa na kutiwa saini, kifungu cha 137L kinambana vilevile: atapinga kiasi cha adhabu na uhalali wake tu.

Soma faili kabla ya kuandika chochote

Rufaa ya aliyekiri huamuliwa kwa karatasi chache sana, pengine kurasa nne au tano ambazo hakimu aliandika siku hiyo. Jaji hatamsikiliza polisi wala jirani. Kwa hiyo hoja yako ama imo ndani ya kurasa hizo, ama inatokana na kitu kinachokosekana humo. Familia huja na hadithi ndefu ya jinsi kijana alivyokamatwa. Hadithi hiyo inaweza kuwa kweli tupu na bado isisaidie hata chembe.

Kipimo cha kusoma nacho ni uamuzi wa Adan dhidi ya Jamhuri wa 1973, wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Mpaka leo Kenya na Tanzania zinautumia kupima kama mtu alikiri sawasawa. Pitia faili ukitia alama:

☐ Mashtaka yalisomwa na kila sehemu ya kosa ikaelezwa kwa lugha anayoielewa, na lugha hiyo imetajwa kwenye faili. Kama alihitaji mkalimani, Katiba (ibara ya 50) inampa bila malipo.

☐ Jibu lake limeandikwa kwa maneno yake mwenyewe, karibu iwezekanavyo.

☐ Upande wa mashtaka ulisoma maelezo ya kosa: alikamatiwa wapi, alikuwa na nini, uzito gani, mkemia wa serikali alisema nini.

☐ Aliulizwa kama maelezo hayo ni ya kweli, akapewa nafasi ya kuyapinga au kuongeza lake, na jibu limeandikwa.

☐ Hakusema lolote lililotia shaka hatia yake. Kama alisema, hakimu alipaswa kuandika kwamba amekana na kuipanga kesi isikizwe.

☐ Baada ya hayo ndipo hakimu akaandika kuwa amemtia hatiani, akasikiliza ombi la kupunguziwa, akatoa adhabu.

Kisanduku cha tano ndicho ningekianzia. Kesi za dawa zina mtego wa aina yake hapo. Mtu anashtakiwa kwa ulanguzi, anasema "ni kweli", kisha anapoulizwa kama ana la kusema kabla ya adhabu anajibu: "Naomba msamaha, ilikuwa yangu ya kuvuta, sikuwa nauza." Kwake yeye hilo ni ombi la huruma. Kisheria amekana ulanguzi, maana amekubali kupatikana na dawa, na hilo ni kosa jingine lenye adhabu nyingine. Hakimu akiandika jibu hilo kisha akaendelea kumfunga kama mlanguzi, una hoja nzito mbele ya jaji. Lisome ombi la kupunguziwa adhabu kwa makini kuliko ukurasa mwingine wowote.

Kisanduku cha tatu nacho kina mambo yake. Mara nyingi mtu hukiri asubuhi ya kwanza kufikishwa kortini, wakati majani au unga uliokamatwa haujapelekwa kwa mkemia. Mshtakiwa anaweza kujua alichokuwa nacho, lakini hana maabara ya kuthibitisha aina yake, na uzito wake hakupima yeye. Wako majaji waliotengua hatia kwa sababu ripoti ya mkemia au kielelezo chenyewe havikuwasilishwa wakati maelezo yalipokuwa yakisomwa. Tazama pia kama hati ya mashtaka ya ulanguzi inasema alilangua *vipi*: aliuza, alisafirisha, aliweka ghalani, aligawa? Neno "ulanguzi" likiachwa peke yake halitoshi.

> TAHADHARI: Kutengua hatia si lazima kuachiliwa
> Jaji akikubali kwamba kukiri kulikuwa na kasoro, anaweza kumwachilia mfungwa au kuamuru kesi ianze upya. Hutazama muda aliokwisha kuutumikia, kosa lilikuwa la nani, na kama haki inataka kesi irudiwe. Kesi ikianza upya, mashahidi watakuja, na adhabu ya mwisho inaweza kuwa kubwa kuliko ya kwanza. Aliyebakiza miezi michache amalize kifungo afikiri mara mbili kabla ya kupita njia hii.

Makosa ya adhabu yanayojirudia

Huenda kukiri kulikwenda sawa. Basi geukia adhabu yenyewe.

*Muda wa rumande haukuhesabiwa.* Kifungu cha 333(2) kinamtaka hakimu azingatie muda ambao mtu alikaa ndani kabla ya hukumu. Kama ndugu yako alikana kwanza, akakosa dhamana, akakaa rumande miezi tisa, kisha akabadilisha jibu lake na kukiri, tafuta hiyo miezi tisa kwenye hukumu. Isipotajwa, omba kifungo kihesabiwe tangu siku ya kukamatwa. Miongoni mwa hoja zote, hii ndiyo rahisi kuthibitisha, maana tarehe zimo kwenye faili.

*Kifungo cha kushindwa kulipa faini kimezidi.* Kifungu cha 28 cha Kanuni ya Adhabu kina ngazi: faini inayozidi Sh50,000, mtu akishindwa kuilipa, haipaswi kumfunga zaidi ya miezi 12, isipokuwa sheria husika imeweka kipimo chake. Hakimu akimpa mtu kifungo *pamoja na* faini ya mamilioni, halafu akaongeza miaka mitano ya kushindwa kulipa, kuna la kuuliza. Lakini tofautisha: kifungo ambacho sheria ya dawa imekiweka kama mbadala wa faini si kifungo cha kushindwa kulipa.

*Uzito na thamani havikuthibitishwa.* Baada ya marekebisho ya 2022, adhabu za ulanguzi hupanda kwa gramu, na gramu 100 ni mpaka mkubwa. Faini nayo inaweza kupimwa kwa mara tatu ya bei ya sokoni. Iko wapi karatasi ya vipimo? Iko wapi hati ya afisa aliyetathmini bei? Kama faini imetajwa na hati haipo, andika hilo.

*Kiwango cha juu kimechukuliwa kuwa adhabu pekee.* Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Majabu dhidi ya Jamhuri, ilisema kifungo cha maisha kwa ulanguzi chini ya sheria ilivyokuwa wakati ule kilikuwa kikomo cha juu, na hakimu alikuwa na uhuru wa kutoa pungufu. Hakimu anayeandika kwamba mikono yake imefungwa, ilhali sheria haikuifunga, amekosea kanuni.

*Adhabu ilibadilika katikati.* Kosa likitendeka chini ya sheria moja na adhabu ikatolewa chini ya nyingine, ibara ya 50(2)(p) ya Katiba inampa mshtakiwa ile iliyo nafuu.

*Mambo ya kumpunguzia hayakuguswa.* Alikiri bila kusumbua mahakama, ni kosa la kwanza, ana miaka 19, ni mgonjwa, ni mraibu anayehitaji tiba. Hakimu anaweza kuyapima yote na bado akamfunga. Lakini akiyanyamazia, hukumu yake ina upungufu. Kwa mraibu, usiishie kusema "anatumia". Sheria ya dawa za kulevya yenyewe ina nafasi ya kumpeleka mtu kwenye kituo cha kurekebisha waraibu. Kama alikuwa akinywa methadoni kwenye kliniki ya Malindi au Mombasa, au amewahi kulazwa kwa uraibu, pata barua inayosema hivyo.

*Njia mbadala hazikufikiriwa.* Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998 inagusa makosa ambayo adhabu inayostahili ni miaka 3 kushuka chini, hata kama kikomo cha kosa ni zaidi. Mtu wa misokoto miwili anaingia humo.

Hesabu kabla ya kujitosa

Jaji anaposikiliza rufaa ya adhabu ana uwezo wa kupunguza, na ana uwezo wa kuongeza. Kifungu cha 354 kinasema hivyo waziwazi, na wengi hawaambiwi mpaka wako mbele yake. Mahakama ya Rufani katika kesi ya JJW ya 2013 ilisisitiza kwamba mfungwa lazima aonywe kabla ya adhabu kuongezwa, apate kujitetea. Ukisikia onyo hilo, au ukiona upande wa mashtaka umewasilisha ombi la kuongeza adhabu, omba muda wa kushauriana. Kuondoa rufaa ni haki yake, na wakati mwingine ndio uamuzi wa busara. Hatari hiyo ni kubwa pale hakimu alipotoa pungufu ya kiwango ambacho sheria imekiweka kama cha chini kabisa: rufaa yako inamletea jaji kosa ambalo hakuna aliyekuwa ameliona.

Kisha kokotoa tarehe ya kutoka. Chini ya Sheria ya Magereza, mfungwa wa zaidi ya mwezi mmoja kwa kawaida hupunguziwa theluthi ya kifungo kwa mwenendo mwema, isipokuwa makosa machache yaliyotengwa. Miaka 3 huwa miaka 2. Kwa aliyefungwa miezi 9, rufaa isiyoambatana na ombi la dhamana inaweza kusikizwa akiwa ameshafika nyumbani.

Jambo la tatu: fanya kama nafasi ni moja. Baada ya Mahakama Kuu, rufaa ya pili huenda Mahakama ya Rufani kwa hoja za sheria tu, na ukali wa adhabu umehesabiwa na kifungu cha 361 kuwa si hoja ya sheria.

Hatua kwa hatua

1. Siku ya 1 hadi ya 3: andika namba na tarehe. Namba ya kesi, jina la mahakama (Shanzu, Kibera, Makadara, Kwale), jina la hakimu, kifungu alichoshtakiwa nacho, tarehe ya kukamatwa, ya kukiri na ya adhabu. Bila namba ya kesi, karani wa masjala hana pa kuanzia.

2. Omba nakala kwa barua. Peleka masjala ya mahakama ileile barua ya kuomba hati ya mashtaka, mwenendo wa kesi, na hukumu ya adhabu. Baki na nakala yako yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe. Katiba inampa aliyeshtakiwa haki ya kupata kumbukumbu hizo kwa ada ya kadiri. Muhuri huo ndio utakaokuokoa siku zikipita: kifungu cha 349 kinailazimu mahakama kuipokea rufaa iliyochelewa kama kilichoichelewesha ni kukosa nakala zilizoombwa.

3. Andaa ombi la rufaa bila kungoja nakala. Weka misingi unayoijua, na mwishoni andika kwamba mrufani ataongeza misingi akipata mwenendo wa kesi. Lugha ya Mahakama Kuu, kwa mujibu wa kifungu cha 198, ni Kiingereza. Mahakama ya hakimu hutumia Kiingereza au Kiswahili. Andika fikra zako kwa Kiswahili kwanza ziwe safi, kisha mpe anayejua kutafsiri. Siku ya kusikizwa, mrufani ana haki ya mkalimani.

4. Wasilisha. Kuna njia mbili. Mfungwa asiye na wakili hutia saini ombi lake na kulikabidhi kwa afisa msimamizi wa gereza, ambaye kwa kifungu cha 351 anatakiwa kulipeleka kwa Msajili wa Mahakama Kuu. Au wakili huliwasilisha kwa mfumo wa kielektroniki wa Idara ya Mahakama. Ukitumia njia ya gereza, mwambie ndugu yako ahakikishe limepigwa muhuri wa tarehe, na wewe baada ya wiki moja uende masjala ya Mahakama Kuu uulize namba ya rufaa. Karatasi ya mfungwa isiyo na wa kuifuatilia nje huchelewa.

5. Omba dhamana ya rufaa kama kifungo ni kifupi. Majaji hutazama uamuzi wa Jivraj Shah wa 1986: je, rufaa ina nafasi kubwa ya kufaulu, au sehemu kubwa ya kifungo itakuwa imeisha kabla ya kusikizwa? Jua kwamba siku za kuwa nje hazihesabiwi. Rufaa ikianguka anarudi kumalizia palepale alipoachia.

6. Kusanya hati za upande wako. Cheti cha kuzaliwa kama umri una maana, barua ya mwajiri au ya chifu, vyeti vya hospitali, kozi alizofuzu gerezani. Muombe jaji aitishe ripoti ya afisa wa probesheni. Afisa huyo atakuja nyumbani na kuuliza majirani. Waambie wazee wa mtaa mapema, wasishtuke.

7. Siku ya kusikizwa. Huenda mfungwa akafika kwa video kutoka gerezani. Aseme mambo mawili au matatu kutoka kwenye faili, akitaja ukurasa, kisha asikilize. Wakili wa serikali anaweza kukubaliana na hoja. Hilo likitokea, asiongeze neno.

> MFANO WA MISINGI YA RUFAA YA ADHABU
> 1. Kwamba hakimu alikosea kisheria kwa kutohesabu miezi tisa niliyokaa rumande, kinyume na kifungu cha 333(2).
> 2. Kwamba hakimu alikosea kisheria kwa kunipa kifungo cha kushindwa kulipa faini kinachozidi kiwango cha kifungu cha 28 cha Kanuni ya Adhabu.
> 3. Kwamba hakimu hakuzingatia kuwa nilikiri, kuwa hili ni kosa langu la kwanza, na kuwa niko katika matibabu ya uraibu, kama inavyoonekana kwenye ombi langu la kupunguziwa adhabu.
> *Ombi:* Adhabu iondolewe na badala yake itolewe nyingine inayofaa, au kifungo kihesabiwe tangu siku ya kukamatwa.
> *(Chagua unayoweza kuyaonyesha kwenye faili. Usinakili yote.)*

Muda ukishapita

Usikate tamaa, na usitunge sababu. Andaa ombi la kuruhusiwa kukata rufaa nje ya muda, pamoja na hati ya kiapo inayoeleza ucheleweshaji kipindi kwa kipindi: alihamishwa gereza tarehe fulani, nakala ziliombwa tarehe fulani, zilipatikana tarehe fulani. Ambatisha rasimu ya ombi la rufaa, jaji aone kwamba kuna jambo la kusikiliza. Pengo la miezi sita lisilosemewa lolote huharibu hata hoja nzuri.

Wafungwa wengi hupendelea kuandika barua ya kuomba mapitio ya adhabu badala ya rufaa. Mahakama Kuu ina uwezo huo chini ya vifungu vya 362 na 364, na kwa adhabu iliyo haramu waziwazi au muda wa rumande uliosahauliwa ni njia ya mkato. Lakini kifungu cha 364(5) kinamzuia mtu aliyeweza kukata rufaa na hakukata asiitumie kama mbadala. Kwa adhabu iliyo halali ila kali, shika rufaa.

Makosa yanayoangusha rufaa

Kosa ninaloliona la ajabu kuliko yote ni misingi ya kunakili. Mfungwa huazima karatasi ya mwenzake wa ujambazi, na jaji anasoma: "Hakimu alikosea kuwaamini mashahidi wa upande wa mashtaka." Mashahidi gani? Kesi ya aliyekiri haikuwa na hata mmoja. Jaji akishaona hivyo, misingi mingine ataisoma akiwa na shaka.

Mengine:

- Kuandika "sikutenda kosa hilo" kwenye rufaa ya adhabu. Chagua: ama unapinga kukiri na kueleza kasoro yake, ama unakubali hatia na kupinga adhabu. Ukitaka yote mawili, yatenganishe: msingi mkuu na wa akiba.
- Kudai kwamba kiwango cha chini kilichowekwa na Bunge ni batili kwa kuwa ni cha lazima. Tangu Julai 2024, Mahakama ya Juu ilipoamua kwamba viwango vya chini vya Sheria ya Makosa ya Ngono ni halali, hoja hiyo imekuwa mzigo mzito hata kwenye sheria nyingine.
- Kusema aliahidiwa faini ndogo akikubali, bila chochote kinachoonyesha hivyo. Kama ahadi ilikuwepo, iwekwe kwenye hati ya kiapo: nani, wapi, maneno gani.
- Kumlipa mtu wa kwenye veranda ya korti anayesema "anamjua jaji". Wakili ana cheti cha mwaka cha kufanya kazi na jina lake huhakikishwa kwa Chama cha Mawakili cha Kenya. Pesa ya kumpa jaji ni kosa jingine la jinai, na safari hii mshtakiwa utakuwa wewe.

Kwa asiye na pesa za wakili: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Nacho Kituo cha Sheria, kilichoanza 1973, kina ofisi Nairobi na Mombasa na kimewafunza wafungwa kadhaa kuwa wasaidizi wa kisheria humohumo magerezani. Ndugu yako aulize ndani kwanza. Maamuzi ya kesi na sheria zenyewe husomwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Saiba yenye intaneti ya kutosha inakufaa.

Uamuzi ukishatolewa

Rufaa ikikubaliwa, usiondoke kortini ukishangilia. Muulize karani amri ya jaji itatumwa lini gerezani, na uombe nakala yako. Gereza humwachilia mtu, au hubadilisha tarehe yake ya kutoka, kwa karatasi. Tarehe mpya ikishaandikwa, ndugu yako aikague: je, muda wa rumande umetolewa, na theluthi ya mwenendo mwema imehesabiwa juu ya kifungo kipya? Kama kuna hitilafu, apeleke malalamiko kwa afisa msimamizi wa gereza kwa maandishi, akiambatisha amri ya jaji, na wewe upeleke nakala masjala ya Mahakama Kuu.